Siku mvua ya mawe ilidanganya kuku

Mwisho wa mwezi wa kenda, sisi wawili wa komite ya sindika tulitoka Likasi kwenda mukini, upande wa barabara ya Kolwezi. Tulikuwa na karatasi za pansyo za mzee mmoja tuliyefanya naye kazi ya mgodi. Tulikuta hali ya kila mwaka: jua kali, vumbi jekundu, majani yamechomwa. Kwetu Katanga mvua ya kweli inaanza mwezi wa kumi na moja, ama mbele kidogo. Nani angefikiri kubeba mwavuli?

Mbele ya chakula, wingu jeusi likapanda nyuma ya kilima. Upepo ukaja, kisha mawe. Manjanja ya nyumba yakalia mpaka hatukusikilizana. Mzee akatusemea mu masikio: «Ni kama konkaseri ya kule kazini!» Dakika chache tu, kiwanja chote kikawa cheupe.

Wajukuu wakatoka mbio, miguu chini. «Nkambo, neji! Ni ile ya mu televizyo!» Wakajaza beseni, wakatupiana, wakamwaga sukari juu na kula. Kuku nao wakakimbilia, maana mawe yalikuwa kama mbegu za mahindi. Wakadonoa, wakatikisa kichwa, wakadonoa tena. Mama mwenye nyumba alicheka mpaka akakaa chini. Shamba la sombe lilikuwa limepasuka majani. Akayachuma hayo hayo. «Leo mvua imetutwangia nusu,» akasema. Na bukari ya siku ile ilikuwa tamu.

Haikuwa neji. Katika inchi yetu, neji inapatikana kule juu ya Ruwenzori, kwenye vilele vinavyopita metre 4.500. Hii yetu inatoka kwenye joto lenyewe. Mwisho wa kiangazi hewa ya moto inapanda kwa nguvu, inasukuma matone ya maji mpaka kwenye baridi kali. Yanaganda, yanazunguka mu wingu, yanaongeza ganda juu ya ganda kama kitunguu. Yakiwa mazito, yanaanguka. Si kazi ya mchawi.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Mawe yalipoyeyuka, kijana mkubwa wa nyumba akashika jembe. «Papa, udongo umelowa. Tupande kesho, tuwe wa kwanza.» Mfuko wa mbegu ulikuwa mmoja tu, umetundikwa jikoni juu ya moshi, na ulinunuliwa kwa deni.

Mzee hakubisha. Akachukua jembe, akachimba mbele yetu. Juu, upana wa vidole vinne, udongo mweusi. Chini yake, vumbi kavu kama jana. «Mutoto wangu, hii ni salamu tu. Mugeni mwenyewe hajafika. Mbegu itaota, jua litarudi, itakufa. Na deni je, litakufa nayo?»

Kijana akanyamaza, jembe likarudi nyumbani.

Sisi tulitazamana. Tunamjua mzee huyu. Wakati kampuni ilitupunguza kazi, tulipewa kwanza avansi, na ahadi kwamba dekonti yote itafuata. Wengi wetu tulinunua pikipiki na radio kubwa, tukangojea ile nyingine. Yeye alinunua manjanja na jembe. Ile nyingine tunaingojea mpaka leo, na ndiyo sababu tunatembea na karatasi hizi.

Basi ndugu walimaji, mvua ya kwanza ikija mapema, mufurahi nayo. Mujaze beseni, batoto bacheze, mutengeneze mashamba. Lakini mbegu ingojee. Muchimbe kwanza, muone kama unyevu umeshuka kupita kiganja, na kama mvua imerudi mara ya pili na ya tatu. Mwenye mfuko mmoja hawezi kupanda mara mbili.

Jioni mzee alisaini, akasoma kila mstari mbele ya kuweka jina. Mjukuu mdogo akatufungia mawe ya mwisho katika mfuko wa plastiki, yale yaliyobaki kivulini nyuma ya jiko: «Ya batoto benu.» Likasi tulifikisha maji tu. Walikunywa vilevile, kila mmoja kidogo, na kutuuliza kama kuku walidanganyika kweli.