Njia ya Chakula Ikikatwa, Mtu Atakula Vipi?

Yako maradhi ambayo watu wetu huyataja kwa kunong'ona: saratani ya umio, yaani ile njia ya chakula itokayo kooni, ikapita kifuani mpaka tumboni. Mgonjwa huanza kukwamwa na nyama na mkate, kisha wali, na mwisho hata maji hayapiti. Na wengi wetu hapa Fumba, wakiambiwa kwamba tabibu ataikata njia hiyo na kuiondoa, huuliza: Basi atakula kwa wapi? Na jambo hilo si kubadili maumbile ya Mwenyezi Mungu? Kwa maswali haya mtu hukaa nyumbani akingojea, mpaka wakati wa kutibika ukapita.

La pili jawabu lake ni fupi. Mtume s.a.w. ametuamrisha tujitibu, na kukirudisha kiungo katika kazi yake si kubadili maumbile kwa ajili ya pambo.

Ama la kwanza, mwaka 1913, mjini New York, tabibu Franz Torek aliikata njia ya chakula ya bibi mmoja mwenye saratani. Hakuwa na cha kuweka badala yake, akamfungia mpira nje ya mwili, kutoka shingoni mpaka tumboni, na bibi yule akaishi akila kwa mpira huo zaidi ya miaka 10. Siku hizi mpira hauhitajiwi. Matabibu hulichukua tumbo lenyewe la mgonjwa, wakalipunguza upana likawa kama bomba, wakalivuta juu mpaka kifuani au shingoni, wakalishona na kipande cha njia kilichosalia. Kazi kubwa ni kuihifadhi mishipa ya damu inayolilisha, kwani damu ikipungua mshono huvuja, na kuvuja huko kwaweza kuua. Tumbo likiwa halifai, hutwaliwa kipande cha utumbo mpana, nacho hufika hata shingoni, lakini chataka mishono mitatu. Utumbo mwembamba nao hutumika, khasa penye pengo fupi. Pengine kipande chake hukatwa kabisa, kikapelekwa shingoni, na mishipa yake ikaungwa upya chini ya hadubini.

Haya yote ni ya anayewahi. Katika hospitali ya Tenwek, Bomet, nchini Kenya, ambako maradhi haya ni mengi, wagonjwa zaidi ya 1,000 wametiwa mirija ya waya kooni ili wapate kumeza tu, kwa kuwa wengi hufika saratani imekwisha kuenea. Sisi wa Unguja njia yetu ni Mnazi Mmoja, kisha kuvuka bahari kwenda Muhimbili na Ocean Road. Mwenye kukwamwa na chakula mwezi wa Rajabu asingoje Mfunguo Mosi.

Na aliyekatwa akapona, watu wa nyumba yake wajue kwamba ule mlango uliokuwa ukizuia chakula kisirudi juu haupo tena. Ale kidogo kidogo, mara 6 kwa siku, alale juu ya mito mirefu. Halua asishurutishwe, ingawa sisi Waunguja twaona ni aibu mgeni kuikataa. Utamu mwingi humtoa jasho na kumwendesha moyo mbio.

Akisujudu baada ya kula, chakula humrudia. Basi na asali kabla ya kula, wakati ukiruhusu. Ikiwa bado hawezi, asimame kwa kisimamo chake, na penye sijida ainame kadiri awezavyo. Kikimtoka kitu asukutue. Udhu wake, katika madhehebu yetu ya Shafi, haukutenguka.

Saumu ndiyo inayowaumiza zaidi. Mzee aliyefunga miaka 50 huona haya kula mchana wa Ramadhani mbele ya wajukuu zake. Tabibu mwaminifu akimwambia kwamba hataweza kufunga tena maishani, juu yake ni fidia: kibaba kimoja cha chakula cha mji, na kwetu ni mchele, apewe masikini kwa kila siku moja.