Kabla Hujang'oa Jino Jingine
Maumivu yanayopiga shavuni kama shoti ya umeme, upande mmoja tu, kwa sekunde chache kisha yakakata, huenda si ya jino hata kama mgonjwa anaapa kwamba yanaanzia kwenye gego. Hapo mimi hushuku neva ya tano ya kichwa. Ina matawi matatu: moja la paji la uso na jicho, la pili la shavu na taya la juu, la tatu la taya la chini. Meno yote hupata hisia kupitia hayo mawili ya mwisho, ndiyo maana watu hung'olewa meno mazima, la kwanza, la pili, na maumivu yakabaki palepale. Inaniuma kila ninapoona mapengo hayo.

Kwa wengi, chanzo ni mshipa wa damu ulioilalia neva pale inapoingia kwenye shina la ubongo. Kila pigo la moyo huisugua mpaka utando wake unachubuka. Baada ya hapo, kupiga mswaki, kutafuna au kunawa uso kunatosha kuamsha maumivu. Hapa Mandewa, hata upepo wetu wa Singida unatosha. Mgonjwa huja amejitanda kanga hadi puani, mchana wa jua kali. Mwambie akuonyeshe panapouma: kidole kitasimama mbele ya shavu bila kuligusa.

Panadol na diklofenaki hazifui dafu. Inayosaidia ni karbamazepini, iliyoanza kutumika kwa maradhi haya mwaka 1962. Wengi wakisikia ni dawa ya kifafa huirudisha. Mama, huna kifafa; dawa hiyo hutuliza neva iliyochachamaa. Huanzwa kidogo, mara nyingi miligramu 100 asubuhi na jioni, na daktari huiongeza polepole. Kizunguzungu na usingizi ni kawaida mwanzoni. Ukitokwa na vipele au vidonda mdomoni, acha na uwahi hospitali. Sema mapema kama una mimba. Sema pia kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango au ARV, kwa sababu huingiliana na dawa hii.

Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ipo hapahapa Mandewa. Omba jino lipigwe picha kabla ya kung'olewa. Mwenye ganzi usoni, anayeumwa pande zote mbili, au aliye chini ya miaka 40 anahitaji pia picha ya ubongo. Dawa ikishindwa, upo upasuaji wa kuutenganisha mshipa na neva. Mabingwa wa upasuaji wa ubongo wapo Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam.