KWA NINI MTO UNANYOOKA KU RAMANI?



Wadogo wetu wa mwaka wa tatu na wa ine wanauliza mara nyingi ulizo hili: Ku ramani ya inchi nzima, mto Ruzizi ni kamstari kafupi, karibu kamenyooka, kutoka Bukavu mpaka karibu na Uvira. Lakini mutu akishuka katika bonde anaona mto ule unapindapinda sawa nyoka. Basi ramani inadanganya? Tunajibu: Hapana, haidanganyi, kama yule aliyeichora alifanya kazi yake vizuri, na kama yule anayeisoma anajua eshele ni nini. Tueleze polepole.

1. Karatasi haitoshi

Eshele ni kipimo cha ramani. Ku ramani ya 1:50 000, milimeta 1 ni meta 50 za inchi. Ku ramani ya 1:1 000 000, milimeta 1 ni kilometa 1. Ku ramani ya 1:5 000 000, ambayo inaingiza Kongo yetu yote ku karatasi moja, milimeta 1 ni kilometa 5.

Sasa tuchukue kona moja ya mto yenye upana wa meta 300. Ku ramani ya kwanza itakuwa na milimeta 6, na kila mutu ataiona. Ku ramani ya pili itakuwa na milimeta 0,3. Ku ya tatu itakuwa na milimeta 0,06 tu, na hakuna biki inayoweza kuichora. Mustari wenyewe wa biki una karibu nusu milimeta. Kama mutalazimisha kona zote ziingie, wino utajaza nafasi na mutapata doa, si mto. Njo maana mwenye kuchora ramani analazimishwa kuacha vitu vingine. Kazi hiyo inaitwa kurahisisha mstari.

2. Namna ya kuchagua

Mto katika ramani ni nukta nyingi zilizounganishwa. Ulizo ni hili: tuache nukta gani, na tubakize gani?

Mutu mvivu atasema: tubakize nukta moja katika kila kumi. Ni rahisi, lakini ni hatari, kwa kuwa nukta inayoachwa inaweza kuwa ndiyo ile ya ncha ya kona kubwa, na zile zinazobaki zikawa za mahali paliponyooka ambapo hazina kazi.

Katika mwaka wa 1972 Urs Ramer, na katika mwaka wa 1973 David Douglas na Thomas Peucker huko Kanada, walieleza njia iliyo nzuri zaidi. Inafanywa na ordinateri, lakini munaweza kuifanya ninyi wenyewe kwa uzi na rula:

a) Muvute uzi ulionyooka kutoka chanzo cha mto mpaka mwisho wake.
b) Mutafute nukta ya mto iliyo mbali kuliko zote na ule uzi.
c) Kama umbali ule unapita kiasi mulichokubali, nukta ile inabaki. Sasa muvute nyuzi mbili: moja kutoka chanzo mpaka nukta ile, ingine kutoka pale mpaka mwisho. Murudilie kazi ile ile kwa kila uzi.
d) Kama umbali haupiti kiasi kile, nukta zote za katikati zinaachwa.

Kiasi kile kinafuata eshele. Tukisema kisipite nusu milimeta ya karatasi, basi ku 1:50 000 ni meta 25, ku 1:1 000 000 ni meta 500, na ku 1:5 000 000 ni kilometa 2 na nusu.

Iko njia ingine, ya Visvalingam na Whyatt wa Uingereza, ya mwaka wa 1993. Hiyo inaangalia kila nukta pamoja na jirani zake wawili: hizo tatu zinafanya pembetatu. Ile yenye pembetatu ndogo kuliko zote inaondolewa kwanza, kisha inayofuata, na vile vile. Ni sawa kusema: anayeongeza kidogo atangulie kutoka.

3. Tujaribu ku mto wetu mkubwa

Tuvute uzi kutoka chanzo cha Lualaba kule Katanga mpaka Banana, pale mto Kongo unapoingia baharini. Nukta iliyo mbali kuliko zote iko upande wa Bumba, zaidi ya kilometa 1000 kutoka ku uzi. Basi Bumba inabaki. Tukisimama pale, mto wetu ni mistari miwili tu: Lualaba–Bumba, na Bumba–Banana. Muangalie: hata mto huo wa nukta tatu unapita ikweta mara mbili, sawa vile mto wa kweli unavyofanya. Nukta moja iliyochaguliwa vizuri imechunga jambo kubwa la jeografia yetu.

Lakini muangalie pia ubaya. Kisangani inabaki zaidi ya kilometa 200 mbali na maji. Mbandaka, ambayo iko ku ukingo wa kushoto kwa mutu anayeangalia mto unakoelekea, inavushwa ngambo ingine bila mtumbwi! Na Kinshasa na Brazzaville zinajikuta upande mmoja, bila mto katikati. Miji haikutembea, ni mstari njo ulitembea. Kwa hiyo hatuwezi kusimama pale. Lazima kuongeza nukta mpaka kila muji urudi ku ukingo wake.

Mutaona basi kama hesabu peke yake haitoshi. Ordinateri inajua umbali, lakini haijui kama Mbandaka iko wapi. Baada ya kurahisisha, mutu mwenye akili lazima aangalie tena mambo haya:

– Kila muji na kila kijiji kibaki ku upande wake wa mto.
– Mito inayokutana iendelee kukutana. Kama mukinyoosha Kongo, na Kasai ikabaki na nukta zake za zamani, Kasai itaishia katika pori au itauvuka mto mkubwa.
– Barabara inayopita mto mara moja ku daraja isiupite mara tatu.
– Mto usijikate wenyewe.

4. Urefu nao unabadilika

Kila kona inayoachwa inafupisha mto. Mukipima Ruzizi kwa uzi ku ramani ya 1:50 000, kisha ku ya 1:5 000 000, hamutapata kilometa sawasawa. Mwingereza Lewis Fry Richardson alilinganisha urefu wa mipaka katika vitabu vya inchi mbalimbali. Kwa mpaka mmoja wa Hispania na Ureno alikuta kilometa 987 katika kitabu kimoja na kilometa 1214 katika kingine. Kazi yake ilichapishwa katika mwaka wa 1961, nyuma ya kufa kwake. Basi vitabu viwili vikitofautiana juu ya mto mmoja, musikimbilie kusema kimoja ni cha uongo. Muulize kwanza: walipima ku eshele gani?

5. Kwa nini jambo hili linatuhusu

Mutu mwingine anachukua ramani ya inchi nzima, anaipeleka ku fotokopi, anaikuza, anaikuza tena, kisha anaweka kidole na kusema: «Muone, shamba hili liko ngambo ya pili.» Hapo njo kuna hatari. Kukuza karatasi hakurudishi kona zilizoachwa. Mkikuza ramani ya 1:5 000 000 mara mia moja, ule mustari wa nusu milimeta unakuwa na sentimeta 5 za upana, na bado unafunika kilometa 2 na nusu za inchi. Ndani ya upana huo munaweza kuingia kijiji kizima, na kanisa, na masomo, na mashamba ya mihogo. Na Ruzizi si mto tu: ni mpaka wetu na Rwanda na Burundi. Maandiko yanatukataza kusogeza alama ya mpaka wa jirani. Mutu anaweza kuisogeza kwa jembe usiku, lakini anaweza pia kuisogeza mchana kwa kusoma vibaya ramani.

Kwa hiyo tunawaomba: kabla ya kusema ramani inaonyesha hivi ao vile, mutafute eshele yake chini ya karatasi. Ramani ya inchi nzima ni ya kuonyesha mto unatoka wapi na unaenda wapi. Ya 1:50 000 ni ya kuonyesha kona. Kila moja inasema kweli ku kipimo chake.

Zoezi: Muchore katika kaye zenu mto wenye nukta 20, na vijiji vine kandokando yake. Muurahisishe kwa uzi mpaka zibaki nukta 6. Kisha muhesabu ni vijiji vingapi vilivuka mto. Kama ni kimoja tu, murudishe nukta moja na muangalie tena. Mwalimu wa jeografia atafurahi kuona kazi zenu.

Mubaki na amani.