Kereng'ende na Panzi

Askari wa mizinga hupiga mbali. Mara nyingi mbele yao pana kilima au msitu, basi hawaoni makombora yao yanapoanguka. Huhitaji mtu wa kuwatazamia. Zamani mtu huyo alipanda ndege ndogo, akatazama chini, kisha akawaambia kwa redio: «Ongezeni kidogo! Pigeni kuume!»

Ndege ya kazi hiyo haikutakiwa kwenda mbio, maana mtazamaji hangeona vizuri. Tena ilipasa iweze kutua shambani au barabarani, karibu na askari. Lakini kuruka polepole ni jambo gumu. Ndege huinuliwa na hewa ipitayo katika mabawa yake. Mwendo ukipungua mno, hewa haiwezi kuishika tena, nayo huanguka.

Kiwanda cha Ryan cha San Diego, huko Marekani, kilijitahidi kushinda shida hiyo. Mwaka 1940 kilirusha ndege mpya, YO-51. Bawa lake lilikuwa juu ya mwili, na toka ncha hata ncha lilipata mita 16 hivi. Mbele ya bawa palikuwa na kibao chembamba kilichoacha upenyo wa hewa. Nyuma palikuwa na vibao vipana vilivyotoka na kuinama. Kwa vibao hivyo hewa ilizidi kuliinua bawa, hata mwendo ulipokuwa mdogo. Injini ilikuwa na nguvu za farasi zaidi ya 400. Ndege ikaitwa Kereng'ende, kwa jina la mdudu arukaye juu ya maji.

Kereng'ende aliweza kupaa na kutua mahali pafupi. Hata hivyo zilitengenezwa tatu tu za kujaribiwa, wala hazikuingia kazini. Jeshi lilikuwa limekwisha kuagiza ndege nyingi za kiwanda kingine, cha Stinson.

Lakini Stinson nayo ilipata mshindani. Mwaka 1941, katika mazoezi ya jeshi, zililetwa ndege ndogo za raia. Mojawapo ilikuwa ya kiwanda cha Piper. Injini yake ilikuwa na nguvu za farasi 65 tu, na bawa lake halikuwa na vibao vile. Ila ilikuwa nyepesi sana, kwa hiyo iliweza kuruka polepole. Tena bei yake ilikuwa ndogo, na kuitengeneza kulikuwa rahisi. Jenerali mmoja alipoiona ikitua kwa kurukaruka, aliifananisha na panzi. Jina likashika. Katika Vita Kuu ya Pili, Mapanzi walitumika kwa maelfu.

Mafundi wa Ryan hawakufanya kazi mbaya. Walijibu swali gumu kwa akili nyingi, lakini jibu jepesi lilitosha. Nao ujuzi wa vibao haukupotea. Hata leo ndege kubwa za abiria hutoa vibao kama hivyo zinapokaribia kutua.

Maswali
1. Kwa nini askari wa mizinga huhitaji mtazamaji?
2. Vibao vya Kereng'ende vilisaidia nini?
3. Kwa nini Panzi alipendwa kuliko Kereng'ende?