Kumpokea Mtoto Pamoja na Kumbukumbu Zake: Changamoto na Furaha ya Kuasili Watoto Wakubwa kutoka Nchi Nyingine

Kitabu cha Kutoka chatusimulia kwamba Musa hakubaki kwa binti Farao tangu siku ile alipookotwa kandokando ya mto. Alirudishwa kwanza kwa mama yake mzazi anyonyeshwe, na alipokua ndipo akapelekwa kuwa mwana katika nyumba ya kifalme. Miaka mingi baadaye, alipotoka kwenda kuwatazama ndugu zake, ilidhihirika kwamba malezi ya jumbani hayakumsahaulisha asili yake. Simulizi hili ni mwanga kwa familia zinazoasili watoto wakubwa kutoka nchi nyingine.

Kwa mtoto mkubwa twamaanisha yule aliyekwisha kujitambua: analijua jina lake, anaikumbuka sauti ya bibi yake na ladha ya chakula cha kwao. Watoto wa namna hiyo wamewahi kutoka hata kwa majirani zetu wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwezi Septemba 2013, Serikali ya nchi hiyo ilisitisha vibali vya kusafiri kwa watoto walioasiliwa na wageni, na familia nyingi zikabaki zikingoja. Mwezi Mei 2014, watoto 31 waliruhusiwa kuondoka, wakatua Roma na kupokelewa na wazazi wao wapya kwa shangwe. Hata hivyo, kwa familia yoyote, siku ya kupokea mtoto ni mwanzo tu wa safari ndefu.

Tumfikirie mtoto wa miaka minane aliyekulia katika Kiswahili cha Goma. Majuma ya kwanza huwa mtiifu mno, hata wazazi hudhani kwamba mambo yamekwisha kutengemaa. Kumbe, bado anachunguza. Baadaye huanza kuficha mkate chini ya mto, kwa sababu aliwahi kulala njaa. Hukataa kukumbatiwa, au hudeka kama mtoto mchanga. Siku moja humwambia mama aliyemlea kwa uvumilivu, “Wewe si mama yangu.” Mara nyingi huu si utovu wa nidhamu. Mtoto aliyewahi kupoteza watu wake hutaka kujua kama atawapoteza na hawa, na swali asiloweza kulitamka huliuliza kwa matendo. Zaidi ya hayo, anaomboleza: amepata nyumba, lakini amepoteza nchi, marafiki na hata lugha, ambayo mtoto huweza kuisahau upesi asipopata wa kuzungumza naye.

Wazazi nao huumia. Walitazamia shukrani, wakakuta hasira. Huchoka, huona aibu kukiri uchovu wao, na hujilaumu kimyakimya. Tunasema wazi kwamba kuomba msaada wa padre, wa mshauri nasaha au wa familia nyingine zenye uzoefu si kushindwa katika wito wao.

Mkataba wa The Hague wa tarehe 29 Mei 1993 unatambua uzito wa jambo hili. Unataka kwanza itazamwe nafasi ya mtoto kupata familia katika nchi yake mwenyewe. Matakwa yake yazingatiwe kadiri ya umri na ukomavu wake. Na taarifa za asili yake zihifadhiwe. Baba Mtakatifu Fransisko, katika Wosia wa Kitume Amoris laetitia wa mwaka 2016, naye alisisitiza kwamba mafao ya mtoto yatangulie katika maamuzi yote, na biashara ya watoto kati ya nchi na nchi izuiwe kwa sheria.

Na furaha je? Ipo, nayo huja polepole. Ni usiku ule mtoto anapougua na kwa mara ya kwanza kumwita baba yake mpya. Ni asubuhi ile mama anapotandika kitanda na kukuta hakuna tena mkate uliofichwa. Ni siku ile mtoto anaposimulia habari za mama yake mzazi bila hofu, kwa kuwa ametambua kwamba katika nyumba hii hakatazwi kumpenda.

Sisi waamini tuna sehemu yetu. Tusimwulize mtoto mbele za watu, “Mama yako halisi yuko wapi?” wala tusimwambie kwamba ana bahati, huku moyo wake ungali katika maombolezo. Wenzetu wanaoishi ughaibuni, wakikutana kanisani na mtoto aliyetoka kwetu, wamsalimie kwa Kiswahili; huenda salamu hiyo ikawa ndiyo urithi pekee aliobaki nao. Na sisi tulioko nyumbani, tunaolea watoto wa ndugu zetu waliofariki, tukumbuke kwamba watoto hao nao wanahitaji ruhusa ya kuwataja marehemu wao.

Mtakatifu Yosefu, aliyemlea Mwana asiyemzaa na kumlinda ugenini Misri, aziombee familia zote zinazofungua milango yao kwa watoto hawa.