Kambi za familia: Mgeni analipia nini hasa?

MCHUUZI wa nyanya anayefunga biashara jioni akiwa na tenga moja lisilouzwa bado ana njia. Atapunguza bei, au atalipeleka kwa wenye migahawa. Mwenye kambi ya familia hana njia hiyo. Nafasi ya hema ambayo haikupata mtu usiku wa Jumamosi imekwisha kufa, na Jumapili hawezi kuitoa stoo akaiuza. Kwa sababu hiyo, mtu anayetaka kuweka fedha zake katika biashara hii afanye vizuri kuuliza kwanza ni wageni wangapi wa mwaka jana waliorudi mwaka huu, kabla hajauliza idadi ya eka.

Kwa msomaji ambaye neno kambi linamkumbusha JKT au wakimbizi, inafaa tueleze. Kambi ya familia huko Marekani na Ulaya ni kiwanja kilichogawanywa katika nafasi, kila moja ikiwa na meza na mahali pa kuwashia moto, mara nyingi na bomba la maji na umeme. Kuna vyoo na mabafu ya pamoja, duka dogo, uwanja wa watoto na ofisi ya mapokezi. Familia huja na hema lake, au karavani inayokokotwa na gari, hulipa kwa usiku, hukaa siku mbili tatu, huondoka.

Ukitazama orodha hiyo utaona kwamba hakuna kitu ndani yake ambacho jirani hawezi kukijenga. Nyasi ni nyasi. Meza ya mbao ataitengeneza seremala yeyote. Hata mandhari ya mto au ziwa huwa ni ya wote walioko kandokando yake. Hata hivyo kambi mbili zilizo barabara moja, zenye bei moja, zinaweza kutofautiana sana: moja imejaa tangu mwezi wa sita, nyingine inaweka mabango ya punguzo. Ukiwasikiliza wageni wenyewe wanavyosimulia safari zao, tofauti hujitokeza upesi. Anayesifu humtaja mtu: yule mama wa mapokezi aliyetungoja mpaka usiku, yule kijana aliyetusaidia kurudisha karavani kinyumenyume kwenye nafasi yetu. Anayelalamika hutaja choo, kelele za usiku, au tena mtu. Ni nadra kusikia mgeni akizungumzia meza.

Mtu aliyelielewa jambo hili mapema kuliko wengi alikuwa Billy Butlin, ambaye, kwa taarifa ya wasomaji wetu, alizaliwa Cape Town mwaka 1899. Alikulia Uingereza na Kanada, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza alirudi Uingereza akiwa karibu mikono mitupu. Akaanza na kibanda cha mchezo wa kurusha pete katika maonyesho ya kuhamahama, mchezo wa aina ile tunayoiona Sabasaba, ambapo pete ikizunguka zawadi unaichukua. Wenzake waliweka zawadi juu ya vibao vikubwa ili pete isipite kirahisi. Butlin alipunguza vibao vyake, watu wengi zaidi wakashinda. Faida yake kwa kila mchezaji ikawa ndogo kuliko ya jirani, lakini kibanda chake ndicho kilichozungukwa na watu, na mwisho wa siku alihesabu fedha nyingi zaidi.

Wazo la kambi lilimjia Barry Island, huko Wales. Aliona familia zilizolipia vyumba katika nyumba za wageni zikitolewa nje baada ya kifungua kinywa na kutakiwa zisirudi hadi wakati wa chakula, hata kama mvua inanyesha. Mtu ametumia akiba yake ya mwaka mzima, halafu anasimama chini ya paa la duka la mtu na watoto waliolowa! Butlin alikuwa na kumbukumbu tofauti. Alipokuwa kijana Kanada, akifanya kazi katika duka kubwa la Eaton's mjini Toronto, aliwahi kupelekwa kwenye kambi ya mapumziko ya wafanyakazi kando ya ziwa. Mwaka 1936 alifungua kambi yake ya kwanza Skegness, pwani ya mashariki ya Uingereza, kwa bei ya kuanzia shilingi 35 za huko hadi pauni 3 kwa wiki kufuatana na msimu, chakula mara tatu kwa siku na burudani ndani yake.

Hapa ndipo penye somo la kibiashara, maana ilikuwa karibu imwendee vibaya. Majengo yalikuwa mapya, chakula kilikuwepo, lakini wageni walikaa kimya, kila familia peke yake, wakitazamana. Hakuna aliyekuwa akifurahi. Butlin akamwomba mmoja wa mafundi waliokuwa wanajenga kambi, Norman Bradford, awachangamshe. Bradford akasimama akaanza utani, akawafanya watu wasalimiane na kufahamiana, na kabla ya usiku kwisha ukumbi mzima ulikuwa ukivuma. Butlin akaona kwamba anahitaji jeshi zima la akina Bradford. Wakavikwa makoti mekundu ili mgeni awatambue kwa mbali, na hadi leo wafanyakazi wa aina hiyo katika kambi zake huitwa Makoti Mekundu. Ikumbukwe kwamba mtaji ulikwisha kuzama katika saruji na mbao. Kilichouokoa ni mshahara wa watu wachache wenye ulimi mzuri.

Kambi hizo zilishamiri, hasa baada ya sheria ya likizo yenye malipo kupitishwa Uingereza mwaka 1938. Zilikuja kuyumba safari za bei nafuu za kwenda Hispania zilipoanza kuwavuta wateja, na kampuni ikauzwa mwaka 1972. Uchangamfu, basi, haushindi jua la Hispania. Mwekezaji alijue hilo pia. Lakini Skegness bado inapokea wageni, zaidi ya miaka 80 baada ya kufunguliwa.

Tuvuke bahari. Mwaka 1962 mji wa Seattle ulikuwa na maonyesho ya dunia, na magari yaliyojaa watoto na mizigo yalipita Billings, Montana, yakiwa bado na zaidi ya kilomita 1,000 mbele yake. Mfanyabiashara wa hapo, Dave Drum, alikuwa na ardhi kando ya Mto Yellowstone. Yeye na wenzake wakatenga nafasi, wakaweka meza na mahali pa moto, wakajenga vyoo safi na mabafu ya maji ya moto, wakafungua duka dogo. Bei ilikuwa dola 1.75 kwa usiku. Msimu uliofuata mambo yalipokuwa mazuri tena, waliamua kuuza matumizi ya jina: mwenye ardhi mahali pengine anaruhusiwa kutumia jina na utaratibu wao, naye anawalipa ada. Jina lenyewe ni Kampgrounds of America, kwa kifupi KOA. Neno la Kiingereza la kambi huanza na C, lakini hawa waliandika K, kana kwamba walikuwa na Mswahili ofisini.

Kufikia 1969 walikuwa na kambi 262, na mwishoni mwa miaka ya 1970 zilizidi 800. Kisha bei za mafuta zilizopanda katika muongo huo zikawabana wasafiri wa magari, na nyingine zikatoka kwenye mtandao. Leo ni zaidi ya 500.

Sasa, kampuni inayouza jina ina tatizo ambalo Butlin hakuwa nalo. Kambi nyingi za KOA ni mali ya watu binafsi, wengi wao mume na mke waliouza nyumba mjini wakakopa benki na kuhamia kiwanjani kwao. Mgeni akitukanwa katika kambi moja Ohio, hasira yake ataibeba hadi Arizona, kwa sababu ubao wa njano barabarani ni uleule. Kampuni ilijibu kwa kufanya mambo mawili. Wafanyakazi huvaa mashati ya njano, ili mgeni aliyefika gizani ajue amuulize nani. Na kambi hukaguliwa kila mwaka, huku maoni ya wageni yakikusanywa na kupewa alama, na zenye alama za juu hupewa tuzo ambazo mwenye kambi huzitundika mapokezini. Ukitazama vizuri utaona kwamba tabasamu limegeuzwa kuwa takwimu. Sina hakika kama tabasamu hupenda hivyo, lakini benki hupenda.

Tuchukue hesabu ya mfano tu, ili msomaji aone uzito wake. Kambi ina nafasi 60, bei dola 40 kwa usiku, msimu wa siku 100. Ikijaa nusu, ni usiku 3,000 uliouzwa, yaani dola 120,000. Kama kila familia hukaa usiku mitatu, hizo ni familia 1,000. Tuseme mwaka uliofuata familia 400 zinarudi: mwenye kambi ana kazi ya kutafuta 600 mpya. Lakini kama msimu ulikuwa mbaya, mapokezi makali na vyoo vichafu, zikarudi 100 tu, itabidi atafute 900. Asipozipata zile 300 za ziada amepoteza dola 36,000, karibu theluthi ya mapato yake. Kodi ya ardhi, bima na riba ya mkopo hazipungui hata senti. Sasa linganisha na mshahara wa mtu mmoja zaidi wa usafi na zamu ya usiku, tuseme dola 120 kwa siku kwa siku 100: ni dola 12,000. Mtu huyo akisababisha familia 100 zirudi ambazo zisingerudi, amekwisha kujilipa. Ajabu ni kwamba mwenye biashara akibanwa, mtu huyu ndiye wa kwanza kupunguzwa, na ubao mpya barabarani ndio wa kwanza kununuliwa.

Kumpata mtu mwenyewe si rahisi. Kazi ni ya msimu, mshahara si mkubwa, na inataka moyo. Wamarekani wamepata njia yao: wastaafu, mara nyingi mume na mke, wanaozunguka nchi na karavani zao, hupewa nafasi ya kuishi na malipo kidogo, nao hufanya zamu za mapokezi, hukata nyasi, huosha mabafu. Faida ya wastaafu hawa ni kwamba wao wenyewe wamekuwa wageni. Wanajua baba aliyeendesha gari saa tisa, watoto wanalia nyuma, hataki kusomewa kanuni 14 dirishani. Anataka kuonyeshwa nafasi yake, choo kiko wapi, kuni zinauzwa kiasi gani, basi. Katika kambi nyingi nzuri mfanyakazi hupanda kigari kidogo akamtangulia mgeni hadi mahali pake. Dakika hizo kumi ndizo mgeni atakazosimulia kwao.

Upande mgumu zaidi wa kazi ni usiku. Kambi nyingi huwa na saa za utulivu, kwa kawaida kuanzia saa nne, na ndipo hali ya hewa ya kambi inapopimwa. Kikundi kimoja kina redio na bia. Hema la jirani lina mtoto mchanga. Wote wamelipa bei moja. Mfanyakazi asiyekwenda atampoteza mwenye mtoto, na anayekwenda kwa ukali atawapoteza wenye redio na pengine kuzusha ugomvi. Anayefaa huenda mapema, saa tatu na nusu, akiwa na tochi na maneno ya kawaida, akiuliza kama wamepata kuni za kutosha, na kabla hajaondoka anawakumbusha saa. Ujuzi huu haununuliwi pamoja na kiwanja. Muuzaji anapomkabidhi mnunuzi funguo, mara nyingi mtu aliyekuwa nao ndiye anayepanda gari na kuondoka.

Mwaka 2020, korona ilipofunga hoteli na kusimamisha ndege, familia nyingi za Marekani ambazo hazijawahi kulala nje zilikimbilia kambini. Wenye kambi walipata wageni bila jasho, lakini wageni hao hawakujua kuwasha moto wala kuunganisha bomba la maji taka. Waliokuwa na wafanyakazi wenye subira walipata wateja wapya. Waliokuwa nao wachache waliwauzia usiku mmoja.

Kwa hiyo ikiwa ndugu msomaji ana shemeji Ughaibuni anayemshawishi wachangie kununua kambi, au mwenyewe ana eka zake ufukweni na anafikiria mahema, vitabu vya hesabu atavisoma baadaye. Kwanza afike mahali penyewe Ijumaa jioni bila taarifa, kama mgeni, jua likizama na foleni ikiwa mlangoni, alipe, alale. Aangalie nani anatoka kumpokea na anasema nini. Jumamosi saa nane mchana, wakati watoto wote wametoka kuogelea, aingie chooni. Na kabla ya kuondoka amuulize yule wa mapokezi ana misimu mingapi hapo, na kama atabaki mwenye mali akibadilika.