Dawa ya kikwapa ya nyumbani

Dawa ya kikwapa ya nyumbani ni mchanganyiko wa kupaka kwapani unaotengenezwa kwa vitu vya jikoni na sokoni, hasa nta ya nyuki, mafuta, wanga na bekingi soda, ili kupunguza harufu ya jasho. Haizuii jasho lenyewe kutoka. Katika maeneo ya joto kali kama wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga (Tanzania), matayarisho yake yanahitaji kurekebishwa kidogo, na uchaguzi wa unga unaotiwa ndani yake una hatari zake.

Asili ya harufu

Jasho bichi karibu halina harufu. Mwili una tezi za jasho za aina mbili. Tezi za ekrini zimeenea karibu ngozi yote na hutoa maji yenye chumvi ya kupoza mwili. Tezi za apokrini ziko hasa kwapani na sehemu za siri, huanza kufanya kazi wakati wa kubalehe, na hutoa majimaji yenye mafuta na protini. Bakteria wanaoishi kwapani, wakiwemo Corynebacterium na Staphylococcus hominis, humeng'enya majimaji hayo na kubakiza asidi na misombo ya salfa yenye harufu kali. Hiyo ndiyo kikwapa, au kutuzi.

Kwa hiyo mtu anayechunga au kuvuna pamba juani kutwa nzima anaweza kulowa jasho bila kunuka sana, na mwingine aliyekaa kivulini akanuka. Kuoga kwa sabuni, kukausha kwapa vizuri na kubadili nguo hupunguza bakteria kuliko dawa yoyote ya kupaka. Dawa huja baada ya hapo.

Dawa ya kuondoa harufu ni tofauti na kizuia jasho. Kizuia jasho huwa na chumvi za alumini zinazoziba kwa muda vijitundu vya tezi. Dawa ya kwanza ya kikwapa kuuzwa kwa jina la biashara, Mum, iliyoanza kuuzwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1888, haikuzuia jasho: ilikuwa nta iliyochanganywa na kampaundi ya zinki. Kwa muundo haiko mbali na ile inayopikwa nyumbani leo.

Unga gani utumike

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, kwa kuwa vitu vinne tofauti hufanana kwa macho.

Bekingi soda ni sodiamu baikaboneti. Ni alkali dhaifu, yenye pH ya karibu 8.3. Hupunguza asidi zenye harufu na kufanya kwapa lisiwafae bakteria. Hata hivyo ngozi yenye afya ina pH ya 4.5 hadi 5.5, hivyo bekingi soda ikizidi ngozi hukauka, huwasha na kupata madoa meusi.

Magadi ya kulainishia maharagwe na mlenda, pamoja na magadi soda yanayotumika kutengenezea sabuni, yana sodiamu kaboneti. Hiyo ni alkali kali zaidi, na pH ya maji yake hufikia 11. Jina linafanana, lakini magadi yakipakwa kwapani kwa saa kadhaa yanaweza kuchubua na kuunguza ngozi. Hayafai kabisa kuwa mbadala.

Shabu ni fuwele nyeupe ambayo vinyozi huitumia kufunga michubuko midogo. Hulowekwa kidogo na kusuguliwa kwapani palipooshwa, bila kuchanganywa na kitu. Inafanya kazi vizuri na ni rahisi. Lakini shabu yenyewe ni chumvi ya alumini, kwa hiyo anayeikimbia alumini ya dukani anaikuta tena hapa. Tafiti hazijathibitisha kwamba alumini ya kupaka husababisha saratani ya matiti. Wenye ugonjwa mkubwa wa figo ndio wanaoshauriwa kumwuliza daktari kwanza.

La nne ni boraksi, unga mweupe unaotumika kuyeyushia dhahabu. Katika ukanda wa machimbo wa Geita, Kahama na jirani zake unaweza kuwemo nyumbani mwa mchimbaji. Boraksi hupenya ngozi iliyochubuka na inadhuru uzazi. Unga mweupe usio na lebo usitumiwe mwilini, na makopo yaliyowahi kubeba zebaki au sianidi yasitumiwe kuhifadhia dawa hata yakioshwa mara kumi.

Utengenezaji

Mapishi mengi yanayosambaa yametoka nchi za baridi na hutegemea mafuta ya nazi peke yake kugandisha mchanganyiko. Mafuta hayo huyeyuka yakifika nyuzi 24 hivi za sentigredi. Kishapu mchana hupita nyuzi 30 mara nyingi, na dawa ya namna hiyo hugeuka mchuzi, unga ukazama chini. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, ndiyo maana inahitajika.

Kiasi cha kuanzia ni kijiko kikubwa kimoja cha nta iliyokwanguliwa, vijiko vitatu vya mafuta ya nazi, vijiko vitatu vya wanga wa muhogo uliokauka na kuchekechwa, na kijiko kidogo kimoja cha bekingi soda. Nta na mafuta huwekwa kwenye bakuli linalokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Visiwekwe moja kwa moja kwenye jiko la mkaa, kwa kuwa nta hushika moto. Vikishayeyuka huepuliwa na kukorogwa mpaka vianze kuwa vizito. Hapo ndipo unga hutiwa, ili ubaki umesambaa. Mafuta ya alizeti yanaweza kushika nafasi ya nazi, ila yanataka nta zaidi na huchacha mapema.

Maji hayaongezwi, wala utomvu wa mshubiri, kwani penye maji bakteria na ukungu hukua. Juisi ya ndimu nayo haina faida humo: asidi yake hukutana na bekingi soda, vikatoa povu na kudhoofishana. Kupaka ndimu tupu kwapani, desturi ya sehemu nyingi za Afrika Mashariki, huua bakteria kweli, lakini ngozi yenye juisi ya ndimu ikipigwa na jua inaweza kuungua na kutoa malengelenge.

Matumizi na tahadhari

Dawa hujaribiwa kwanza kwenye mkunjo wa kiwiko kwa saa 24 hadi 48. Kiasi cha punje ya karanga kinatosha kwapa moja. Haipakwi mara baada ya kunyoa. Ngozi ikiwasha au ikiwa nyekundu, inaachwa, na inayofuata inatengenezwa bila bekingi soda.

Uvimbe au majipu yanayorudi kwapani, na harufu iliyobadilika ghafla, vinahitaji kuonwa na mganga wa zahanati. Vivyo hivyo kikwapa cha mtoto wa kike aliye chini ya miaka 8, au wa kiume chini ya miaka 9, kwa kuwa kinaweza kuashiria balehe iliyoanza mapema mno.